Santuri Chini ya Mabati

"Sifuna! Fungua mlango. Niko hapa nje na nimesikia."

Hapo ndipo nilipowaachia wiki jana, na najua mlinikasirikia. Mwuza magazeti mmoja wa Riruta ameapa hatanisalimia mpaka Nabwire aingie. Haya, aingie, tuone kama atafurahi.

Ndani ya chumba, santuri ilikuwa inazunguka. Sifuna aliruka kutoka kitandani, akainua sindano, akaibeba santuri kwa vidole viwili na kuisukuma chini ya godoro. Gramafoni akaifunika kwa beseni la kufulia. Kisha akasimama katikati ya chumba akihema, kama mchuuzi aliyetoka kukimbizana na askari wa kaunti.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili kwa ajili ya mpira ukajikuta huku, nikuvushe haraka.

Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, kuna kundi la watu wanaopenda muziki ambao mama zao wanauita makelele. Unaitwa hardcore punk: gitaa za kasi na mtu anayepiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Una binamu yake, emo, anayepiga mayowe yale yale lakini huku analia. Hawa watu wanakusanya santuri zake adimu. Nyingine wanazipata kwenye marobota ya mitumba pale Soko la Toi, nyingine wanatumiwa na wenzao wa Ulaya na Japani.

Hakuna anayejifungia na santuri. Kila Jumapili baada ya kanisa, mmoja hukabidhiwa moja akailaze kwake wiki nzima. Sheria ya kulaza ni fupi: mwenzako akibisha hodi anataka kusikia, unafungua.

Katika zote hizo, moja tu ndiyo ya watu wa Kibera wenyewe, bendi iliyoitwa Siafu wa Reli. Mwimbaji alikuwa Wanzala, kaka yake Nabwire. Rafiki mmoja wa Ujerumani alizitengeneza chache sana, na iliyofika Nairobi ni moja. Wanzala alikataza isinakiliwe kwa simu. "Mtu akitaka kuniskia, akuje," alikuwa akisema. Kisha nimonia ikamchukua, na ile santuri ikawa ndicho kinywa chake kilichobaki.

Ikapotea ikiwa imelala kwa Nabwire. Jumapili kava lilipofunguliwa mbele ya watu wote, ndani mlikuwa na santuri ya kwaya ya kanisa. Wakasema dada mtu ameificha kwa uchungu wa kaka yake. Wakamwita mwizi, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa santuri yoyote ailaze.

Mwizi mwenyewe alikuwa amebisha hodi kwa Nabwire katikati ya wiki hiyo. Akafunguliwa, kama sheria inavyotaka. Nabwire alipotoka kwenda kumnunulia maziwa ya chai, yeye akabadilisha. Jina lake mnalijua. Sasa hivi amesimama katikati ya chumba chake Kawangware na hajui aweke wapi macho.

Akafungua.

"Niaje, Nabwire."

"Usiniambie niaje. Nimeskia Wanzala."

"Wapi?"

"Humu ndani."

"Aah, hiyo?" Sifuna aliokota simu kitandani. "Ni simu. Kuna msee ameiweka online. Sijui alirekodi lini."

Alitegemea kofi. Badala yake uso wa Nabwire ulijaa furaha, na hiyo ilimuuma kuliko kofi lolote.

"Iko online? Aki Sifuna, hunichezi? Nitumie. Nitumie saa hii."

"Sina bundles."

"Nakuwekea."

"Na chaji imeisha. Ona." Aliibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikazimika.

Nabwire aliitazama ile simu nyeusi. "Lakini sauti ilikuwa inayumba. Inapanda, inashuka, inapanda."

"Ni network."

Network! Ningekuwa karibu ningemzaba kofi mimi mwenyewe.

Ukweli ni huu. Sifuna alikuwa ameificha ile santuri juu kabisa, kati ya mbao na mabati ya nyumba yake, ikiwa imefungwa kwa leso. Watu wa santuri hawana mwiko mkubwa kuliko huo. Mabati ya Januari yanachemka, na santuri ikipata joto inalegea, inapinda, na ikipoa inabaki hivyo hivyo. Ndiyo maana kwa Aoko, kundi linakokutana, zinakaa chini sakafuni, kwenye kreti iliyofunikwa gunia bichi. Kila aliyewahi kulaza santuri anajua, na Sifuna alijua. Ila mtu anayeficha kitu hatafuti mahali pa baridi. Anatafuta mahali pasipoonekana.

Mwanzoni alikuwa akiishusha kila siku. Halafu ukaja msimu wa kazi nyingi za kuchomelea madirisha, akaiacha huko juu. Leo aliposhusha, ukingo wake ulikuwa umejikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Nabwire akaketi kitandani.

"Usikae hapo!"

Alisema kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe. Nabwire akasimama polepole, akajifuta nyuma ya sketi kana kwamba amechafua kitu.

"Hata wewe," alisema. "Unadhani nitaiba godoro?"

"Si hivyo. Kitanda kimevunjika."

"Wote wakiniita mwizi, wewe ulinyamaza. Nikasema sawa, angalau kuna mmoja amenyamaza. Kumbe."

Sifuna alimpa mtungi wa maji aukalie, na Nabwire akakataa.

"Nimekuja kukuambia mama anakuja Jumapili," alisema. "Kutoka Busia."

"Kufanya?"

"Kumskia. Si unajua alikataa kumskia akiwa hai? Alimwambia hiyo makelele asiwahi kuleta kwake. Sasa anasema anataka kuskia kitu mtoto wake alikuwa anaimba, hata kama ni makelele. Nilimwambia akuje, iko. Nilimwambia kabla ipotee. Ameshakata tiketi, Sifuna. Nitamwambia nini yule mama?"

Msomaji, godoro lilikuwa hatua moja tu. Angeinama, angeinua, yangeisha pale pale. Angetukanwa, angelia, angesamehewa ama asisamehewe. Lakini mikono haikunyanyuka.

"Sifuna! Umeanza tena kuzungusha hiyo kisahani yako?"

Alikuwa Gathoni, mwenye ploti, ambaye wapangaji wote humwita Mama Kagiri. Alisimama mlangoni amebeba beseni la sukuma wiki.

"Mama Kagiri, nitakuja kukuona baadaye..."

"Unione ya nini? Mimi nasema tu. Huyo mtu wa hiyo sahani analia, na wewe unalia na yeye. Wapangaji wananiuliza kama umefiwa. Ngai!"

"Sahani gani?" Nabwire aliuliza.

"Si hiyo nyeusi ya kuzunguka. Ama siku hizi iko kwa simu? Mimi sijui mambo ya vijana." Akacheka na kwenda zake.

Nabwire alitazama meza. Beseni la kufulia lilikuwa limefunikwa juu chini, na waya wa umeme ulitokea chini yake kwenda ukutani. Akatazama kitanda. Akamtazama Sifuna.

"Jumapili," alisema mwishowe. "Mama atafika kwa Aoko tukitoka kanisa. Kuja."

"Nabwire..."

"Kuja tu."

Akaondoka. Hakupiga mlango, hakugeuka.

Mtaniuliza kwa nini kijana mwenye akili zake timamu aliiba kitu ambacho angeweza kukisikia bure wakati wowote. Nami nilimkasirikia mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nilimkasirikia zaidi.

Kwa Aoko santuri hiyo ikiwekwa, watu wanaruka. Wanagongana mabega, wanapiga kelele pamoja na Wanzala, wanatoka jasho na kucheka. Wimbo wa mwisho peke yake ndio wa taratibu. Kabla hajaanza kuimba, Wanzala anavuta pumzi, na pumzi ile inasikika. Sifuna alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Kila ilipofika pumzi ile alitaka kulia, na asingeweza kulia katikati ya watu wanaoruka.

Akataka kulia peke yake, wiki moja tu. Wiki ilipokwisha Nabwire alikuwa ameshaitwa mwizi, na kuirudisha kukawa sawa na kukiri. Hakusema. Kila alipokutana na Nabwire pale Toi, anakouza viatu, alimsaidia kuvipanga, eti ni wema.

Keshoye alikwenda kumwona Kimotho, fundi wa redio pale Toi. Kimotho ndiye mwenyekiti wa kundi, kwa kujichagua mwenyewe. Anazijua santuri zote, na ana moja ya Japani ambayo hata kuishika anavaa glavu za hospitali.

"Kimotho, santuri ikipinda inanyooshwa aje?"

"Ya nani imepinda?"

"Ya msee flani wa Kawangware."

Kimotho aliweka bisibisi chini. "Kuna msee Kawangware ako na santuri na simjui?"

"Ni mgeni."

"Mwambie aitupe. Ama aiweke kati ya glasi mbili, jua ya asubuhi, si ya mchana. Kisha aiache. Kazi kubwa ni kuiacha. Na hata ikinyooka haitawahi kuwa ile ya kwanza." Alichukua bisibisi tena. "Halafu Jumapili wewe ndiye utaongea."

"Kuhusu?"

"Nabwire. Lazima atoke, buda. Hatuwezi kaa na mtu anaiba. Tumekubaliana wewe ndiye umwambie, juu unaaminika. Na ulikuwa beste ya marehemu. Ukisema wewe hataumia sana."

Sifuna alitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, alikubali! Nami niliyeanza kumwandika kwa upendo nilitaka kuitupa kalamu.

Nyumbani alitafuta vioo viwili vya dirisha la mteja. Akailaza santuri katikati, akaipeleka uani, akasubiri. Lakini yeye ni fundi wa chuma. Chuma kikipinda unakipa moto, unakigonga, kinatii. Jua la asubuhi lilimwona mvivu. Ilipofika saa sita akaongeza kipande cha chuma juu ya kioo, na mabati ya choo yakamwongezea joto kwa bure. Alipoitoa, ukingo ulikuwa umenyooka. Wimbi lilikuwa limehamia katikati, pale penye wimbo wa mwisho.

Alikaa chini uani akalia. Mama Kagiri alipita na maji, akafikiri ni ile sahani, akaenda zake.

Jumapili ikafika.

Chumba cha Aoko kiko nyuma ya meza yake ya omena. Aoko mwenyewe ni mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa reli, na anasema muziki huu unamtoa hasira za wiki nzima. Gramafoni iko juu ya meza. Kreti iko chini, na gunia lake bichi. Harufu ya omena imeingia mpaka kwenye makava, na wenyewe wanaipenda.

Sifuna alifika kabla ya wengine. Ndani ya koti alikuwa na mfuko wa unga, na ndani ya mfuko ile santuri. Aoko alipotoka kumhudumia mteja, Sifuna akainua gunia na kuichomeka katikati ya zile nyingine.

Alikuwa na mpango, na aliuona mzuri. Watatafuta tena, wataipata, watasema kumbe ilichanganyika tu. Nabwire atakuwa safi. Mama atasikia. Hakuna mwenye kosa, na wote watarudi nyumbani wakicheka. Mtu mwenye aibu hupanga mipango ya namna hiyo, isiyomgharimu yeye chochote.

Watu wakajaa. Kimotho akaja na glavu zake. Kisha Nabwire akaingia amemshika mama yake mkono.

Mama Wanzala alikuwa mwembamba, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Alibeba mfuko wa njugu karanga. "Hizi ni za marafiki wa mwanangu," alisema, akampa kila mtu mkono. Alipofika kwa Sifuna alimshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Sifuna. Alikuwa akikutaja sana."

Sifuna alijibu kitu ambacho hata yeye hakukisikia.

Akatafutiwa kiti, na kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya kreti. Nabwire akasimama nyuma yake. Sasa mnaona ni nani aliye karibu na kreti. Sifuna hakuona.

"Mama, karibu sana," Aoko alianza, "lakini kuna kitu... yawa, nitaanzia wapi?"

Kimotho alikohoa, akamtazama Sifuna. Ilikuwa zamu yake ya kusema.

"Si tuangalie tena kwa kreti," Sifuna alisema. "Labda ilichanganyika."

"Tumeangalia mara ngapi?"

"Tuangalie tena tu. Kwa sababu ya mama."

Aoko alipiga magoti akainua gunia. Akapekua moja, akapekua nyingine, akasimama ghafla.

"Yawa! Hii hapa! Siafu! Hii hapa!"

Kelele zilizopigwa humo ndani zilisikika mpaka kwenye baa ya jirani. Watu walikumbatiana. Kuna aliyembusu Aoko kwenye paji la uso. Sifuna aliruka nao, na kwa muda mfupi aliamini kwamba mambo yamekwisha.

Aoko akailaza santuri kwenye gramafoni na kuizungusha bila sindano. Ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka.

Kimotho aliinama mpaka jicho lake likalingana na meza.

"Imepigwa na mabati," alisema.

Kelele zikakatika.

"Kreti haijatoka hapa chini," Kimotho aliendelea, bado ameinama. "Gunia ni bichi kila siku. Hii imekuwa mahali pengine. Imeletwa leo."

Macho yote yakaenda kwenye kiti kilicho kando ya kreti, na kwa aliyesimama nyuma yake.

"Nabwire," Kimotho alisema. "Kweli? Mbele ya mama yako?"

"Amefanya nini?" Mama Wanzala aliuliza.

"Mama, pole. Sikutaka uskie hivi. Mtu aliiba sauti ya Wanzala, akaificha, akaiharibu, akaona haya, akairudisha kisiri. Na huyo mtu ni huyu binti yako."

Kila neno hapo ni kweli, isipokuwa jina.

Mama Wanzala aligeuka kumtazama mwanawe. Nabwire hakujitetea. Alimtazama Sifuna tu, moja kwa moja, na Sifuna akajua kwamba anajua. Alijua tangu alipouona ule waya. Hakusema kwa mtu yeyote. Alimwambia aje tu, akamwachia nafasi ya kuingia mwenyewe mlangoni.

"Ni mimi," Sifuna alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini ilisikika. Watu wakageuka.

Kimotho alitabasamu kwa huruma. "Buda, kila mtu anajua unampenda. Wacha kumfunika."

"Si kumfunika. Ni mimi."

"Omera, una roho safi," Aoko alisema, akimpiga piga mgongoni. "Lakini keti. Hii si mzigo yako."

"Wanaume wa hivi wameisha," mtu mwingine akasema huku nyuma.

Na Sifuna akaketi.

Naona haya kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliketi, na moyoni alisikia nafuu. Alikuwa amesema, sivyo? Wao ndio waliokataa. Alisifiwa kwa wizi wake, akapigwa mgongoni kwa upole, naye akakubali. Hakuthubutu kumtazama Nabwire.

"Ichezeni hivyo hivyo," Mama Wanzala alisema. "Nimetoka mbali."

"Mama, si nzuri tena..."

"Hata mimi si mzuri tena. Ichezeni."

Aoko akaishusha sindano kwenye wimbo wa mwisho. Pumzi ile ikasikika. Kisha Wanzala akaanza, na sauti yake ikayumba. Ilipanda, ikalegea, ikashuka, ikapanda tena. Neno lilianza likiwa zima na kuisha limepinda. Hakuna aliyeruka. Mama Wanzala alifumba macho, akashika magoti yake, na midomo yake ikawa inacheza kama anayemfuata mtu njiani.

Wimbo ulipokwisha alifumbua macho.

"Anatetemeka," alisema.

Aligeukia gramafoni.

"Hii alirekodi lini? Alikuwa ameshaanza kuugua?" Alimtazama kila mmoja kwa zamu. "Mbona anatetemeka hivyo? Alinipigia simu wakati fulani akasema anasikia baridi kifuani. Nikamwambia aache hiyo makelele atapona. Nikamkatia." Alijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Kumbe alikuwa anaimba na homa. Mtoto alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa nimekasirika."

"Hapana, mama," Nabwire alisema, na machozi yakamtoka. "Hapana, si hivyo."

"Ni hivyo. Nimemsikia na masikio yangu."

Angerudi Busia na hilo. Angelala nalo na kuamka nalo mpaka siku ya kuzikwa kwake. Sifuna aliliona hilo wazi, na ile nafuu aliyokuwa ameikalia ikamchoma.

Alisimama. Safari hii hakusema "ni mimi", maana hilo lilikuwa limeshapigiwa makofi.

"Mama, Wanzala hakuwa mgonjwa," alisema. "Nilikuwa hapo siku hiyo. Alikuwa mzima. Alikula ndengu yangu yote, akacheka, akaimba mara moja tu akasema imetosha. Hakutetemeka hata kidogo. Huko kutetemeka ni mabati ya nyumba yangu."

"Sifuna, tumekuambia..." Aoko alianza.

"Nabwire alitoka kuninunulia maziwa. Nikatoa santuri, nikaweka ya kwaya. Hiyo kwaya ni ya mama yangu, mwenye anataka aje aone, jina lake iko kwa lebo katikati. Nikaificha juu kwa dari. Jua ikaipinda. Nikaiweka kwa glasi saa sita, ikazidi. Leo nimeileta na mfuko wa unga." Aliutoa kwenye koti, akauweka mezani. "Nabwire aliniamini. Nilimwacha aitwe mwizi. Niliona akiitwa."

Kimotho alikuwa ameushika ule mfuko. "Msee wa Kawangware," alisema polepole. "Uliniambia ni msee wa Kawangware."

Hapo ndipo waliposadiki. Hakuna aliyempiga, na angependa wampige. Aoko aliuondoa mkono wake mgongoni kwake, akaufuta kwenye aproni. Aliyesema wanaume wa hivi wameisha akatoka nje. Kimotho alitaka kumwambia Nabwire kitu, akashindwa, akavua glavu moja akaivaa tena.

Nabwire hakufurahi. Alikuwa ameshika bega la mama yake, amechoka.

"Kwa hivyo mwanangu hakuwa anatetemeka," Mama Wanzala alisema.

"Hapana, mama."

"Na wewe ulimsikia kabla ya jua."

"Kila siku."

"Peke yako."

"Peke yangu."

Mama Wanzala aliondoa mfuko wa njugu kwenye kigoda kilichokuwa kando yake. "Njoo hapa."

Sifuna akaenda. Hakukaa kwenye kigoda, alipiga magoti, akainamisha uso kungoja kofi aliloanza kulingoja tangu mlangoni kwake.

"Hawa wamemsikia wakiruka," mama alisema. "Wewe ulikaa naye chini. Umekaa naye wakati mimi mama yake sina kitu. Basi niimbie. Huo wa mwisho, vile alikuwa anauimba kabla hujamharibu."

"Mama, siwezi. Mimi si mwimbaji. Hata si wimbo wa kuimba hivi, ni kelele."

"Najua ni kelele. Nimeikataa miaka yote. Leo nimeifuata."

Aoko akaizima gramafoni. Nabwire akaenda mlangoni, akaegemeza mgongo wake pale, akakunja mikono. Aliyetaka kutoka angepita juu yake.

Sifuna alifumba macho. Pumzi ile aliijua kuliko yake mwenyewe, akaivuta pale pale Wanzala anapoivuta. Akafungua kinywa mbele ya wote. Sauti ikatoka, na kabla neno la kwanza halijaisha, ilikuwa inatetemeka.

"Hapana," Mama Wanzala alisema. "Anza tena."